Adabu ya Mgeni Mbele ya Kuta za London

Mgeni aendaye London kutoka kwetu Afrika Mashariki aghalabu huagwa na jamaa zake kwa orodha ya mambo ambayo, wasemavyo, si sawa mtu kurudi bila kuyaona: kasri la mfalme, saa kubwa ya Bunge, daraja la minara miwili, na makumbusho makubwa ambayo mengi yake hayatozi kiingilio. Orodha hiyo haina ila, na mwenye wasaa na aifuate. Walakini iko hazina nyingine katika jiji lile, isiyo na mlango wala bawabu, iliyotandazwa bure juu ya kuta za matofali, vichochoro, madaraja ya reli na hata sakafu ya njia, nayo ni michoro ya mtaani. Na kwa kuwa hapana bawabu wa kumwelekeza mtazamaji wala kibandiko cha kumfafanulia, wageni wengi huiendea kwa pupa, wakakimbia kutoka ukuta hata ukuta na simu mkononi, wakarudi jioni na picha tele na maarifa haba. Nia ya makala haya ni kumshauri mgeni wa namna hiyo jinsi ya kutembea, jinsi ya kutazama, na jinsi ya kujiheshimu mbele ya kuta ambazo nyuma yake watu wanaishi.

Shauri la kwanza, ambalo mengine yote yamesimama juu yake, ni kwamba uchague mtaa kabla ya kuchagua mchoro. Mchoro wa mtaani haukuwekewa dhamana ya kudumu: mvua huubabua, mwenye nyumba huupaka rangi nyeupe, mjenzi huubomoa pamoja na ukuta wake, na mchoraji mwingine huja na makopo yake ya rangi ya kupuliza akaufunika kwa kazi yake mwenyewe, wala hapana wa kumdai fidia. Mtu aliyeshika orodha ya michoro mashuhuri iliyoandikwa mwaka juzi huenda akazunguka mchana kutwa akitafuta vilivyokwisha kufutwa. Bali aliyeujua mtaa, kaumu zilizopita humo na ugomvi uliopiganwa humo, atakuta jambo la kusoma juu ya kila ukuta, uwe wa jana au wa miaka arobaini iliyopita.

Kwa mgeni wa mara ya kwanza nashauri Brick Lane, katika London ya mashariki, njia nyembamba ambayo urefu wake haufiki maili moja lakini ambayo imepokea wahamiaji wa kila zama. Ushahidi wa hayo ni jengo moja lililo katika pembe ya Brick Lane na Fournier Street. Lilijengwa mwaka 1743 kuwa kanisa la Waprotestanti wa Kifaransa, ambao jamaa zao walikimbia mateso ya dini katika nchi yao, na wengi wao walikuwa wafumaji wa hariri. Mwaka 1819 likawa kanisa la Wamethodisti. Mwaka 1898 likawa sinagogi la Wayahudi waliotoka Urusi na nchi jirani zake. Na tangu 1976 ni msikiti wa jamii ya Wabengali, ujulikanao kwa jina la Brick Lane Jamme Masjid. Saa ya jua yenye tarakimu za 1743 ingali juu ya ukuta wake, na vibao vya majina ya njia za jirani vimeandikwa kwa Kiingereza na kwa Kibengali. Simama hapo kwanza, kabla hujaelekeza macho kwenye rangi, kwa maana jengo hili litakueleza kwa nini kuta za mtaa huu hazikomi kuzungumza habari za wageni na wenyeji, za nani ana haki ya kukaa na nani anaambiwa aondoke.

Safari yenyewe na ianzie kituo cha treni za chini ya ardhi cha Aldgate East. Karibu nacho ipo bustani ndogo iitwayo Altab Ali Park, iliyopewa jina la kijana Mbengali, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, aliyeuawa karibu na hapo kwa chuki ya rangi tarehe 4 Mei 1978, na ambaye kifo chake kiliwatoa maelfu ya watu majumbani wakaandamana nyuma ya jeneza lake hata katikati ya jiji. Bustani hiyo haina mchoro wa kukushangaza, na wageni wengi huipita bila kugeuza shingo. Lakini dakika tano ndani yake zitakufaa kuliko saa nzima ya kusoma sifa za wachoraji. Toka hapo, ingia Brick Lane ukielekea kaskazini, na usikazane kufika mwisho. Kila njia inayokatiza, Fashion Street, Princelet Street, Hanbury Street, iingie hatua chache kisha urudi, kwa kuwa kuta za ubavuni ndizo zinazopakwa sana, ilhali za mbele zina madirisha ya maduka.

Katika Princelet Street upo mchoro wa mwaka 2010 wa mtu ajulikanaye kwa lakabu ya Stik, ambaye aliwahi kuishi katika jiji hilo bila makao. Ukiutazama kwa haraka utadhani ni kazi ya mtoto: watu wawili wamesimama ubavu kwa ubavu, vichwa duara, miguu mistari, macho nukta mbili, midomo hapana. Usiondoke. Mmoja wao amevaa nikabu nyeusi, hata kilichosalia usoni pake ni macho tu, na mkono wake umeshikana na mkono wa mwenziwe asiyevaa. Sasa ingia katika hesabu ya mchoraji: kwa kuwa desturi yake ni kuwachora watu wasio na midomo, nikabu haikumpunguzia mwanamke yule chochote ambacho mwenziwe anacho, wote wawili husema kwa macho na kwa viganja, na katika hayo wako sawasawa. Na ukuta huo uko hatua chache kutoka msikitini, katika njia ambayo wanawake waliovaa hivyo huipita wakienda dukani. Mchoro ule ule ungewekwa katika mtaa mwingine ungesomwa kuwa habari ya mavazi. Hapo ulipo husomwa kuwa habari ya ujirani. Ndiyo maana nimesema mtaa kwanza.

Mbele kidogo, katika Hanbury Street, mchoraji aitwaye ROA, Mbelgiji wa mji wa Ghent mwenye mazoea ya kuchora wanyama kwa rangi nyeusi, nyeupe na kijivu, alisimamisha mwaka huo huo wa 2010 ndege wa miguu mirefu aliyeenea karibu ukuta mzima. Husimuliwa kwamba ndege huyo alikusudiwa kuwa kulasitara, ila wakazi Wabengali walipomwuliza mchoraji kama ni korongo, ndege mwenye heshima kwao, akambadilisha awe korongo ili kuwaridhi. Mchoro mkubwa kama huo hutazamwa mara mbili: kwanza kutoka ng'ambo ya njia, upate umbo lote na jinsi lilivyopimwa na madirisha na mabomba ya ukuta, kisha kutoka umbali wa mkono, uone jinsi manyoya yalivyofanywa kwa mistari mingi mifupi ya rangi ya kupuliza, mmoja baada ya mwingine, na uwaze mtu aliyekuwa juu huku akifanya kazi ambayo yeye mwenyewe hawezi kuiona nzima mpaka ashuke.

Macho ya mgeni hupenda kwenda usawa wa kifua, na huko huona nusu tu. Yainue, na juu ya pembe za majengo utaona vigae vidogo vilivyopangwa kuwa umbo la viumbe wa michezo ya kompyuta ya zamani, kazi ya Mfaransa ajiitaye Invader. Yateremshe, hususa ukifika daraja la waenda kwa miguu la Millennium, lililo baina ya kanisa la St Paul's na jumba la sanaa la Tate Modern, maana huko yuko mchoraji aitwaye Ben Wilson ambaye tangu mwaka 2004 ameifanya kazi yake ya kudumu kuchora juu ya chingamu zilizotemwa na kukanyagwa sakafuni. Hulala kifudifudi juu ya njia, watu wakimruka, akailainisha chingamu kwa moto mdogo, akaitandikia rangi ya msingi, akachora kwa brashi nyembamba nyumba, jina la mtu au siku ya arusi, kisha akaifunika kwa vanishi. Na mchoro wenyewe hauzidi upana wa sarafu. Amepata kuhojiwa na polisi, na hoja yake ni kwamba yeye haharibu njia, kwa kuwa anachokipaka rangi ni takataka iliyotupwa na mtu mwingine. Iwapo utamkuta, inama utazame, na usimkanyagie brashi.

Inafaa pia mgeni ajue kuwa si kila rangi iliyo ukutani ni ya jinsi moja. Yako majina matupu yaliyoandikwa kwa herufi zilizopindana, ambayo waandishi wake huandikiana wao kwa wao wala hawaombi msomaji mwingine. Iko michoro ya kiolezo, ambayo hukatwa kwanza katika karatasi ngumu nyumbani ili kazi ya barabarani iishe kwa dakika chache. Ziko karatasi zilizochorwa tayari na kubandikwa kwa gundi. Na iko michoro mikubwa iliyofanywa mchana kweupe kwa idhini ya mwenye ukuta. Juu ya hayo, katika mitaa ya Shoreditch, hasa kando ya Great Eastern Street, yako matangazo ya biashara yaliyochorwa kwa mkono kwa ustadi uo huo, na mgeni asiye na hadhari hujipigia picha mbele yake akidhani ni sanaa huru, kumbe amejitolea kuitangaza bidhaa bila ujira. Njia ya kutambua ni kutafuta jina la bidhaa au tarehe ya uzinduzi katika pembe. Vikiwapo, tazama ukipenda, lakini jua unachotazama.

Ukuta wa mtaa huu ni baraza, na barazani watu hujibizana. Mnamo Agosti 2023 kundi la vijana Wachina liliupaka ukuta mrefu wa Brick Lane rangi nyeupe, likaandika juu yake kwa herufi kubwa nyekundu za Kichina maneno kumi na mawili ambayo serikali ya China huyatangaza kuwa maadili ya msingi ya ujamaa wake. Haukupita muda wapita njia wakaanza kuandika majibu baina ya herufi zile, wakitaja Wauighuri, Hong Kong na uwanja wa Tiananmen. Wachoraji wa mtaa nao wakanung'unika kuwa kazi zao zilizokuwapo zimefunikwa. Na baada ya siku chache halmashauri ikaufunika wote kwa rangi nyeupe. Aliyepita Ijumaa aliona michoro, aliyepita Jumapili aliona mabishano, na aliyepita wiki ya pili aliona ukuta mweupe. Kwa hiyo ukikuta mchoro ulioandikwa juu yake au uliochanwa nusu, usiupite kwa kudhani umeharibika. Soma safu zote, iliyo chini na iliyo juu, kwa kuwa hiyo ya juu aghalabu ni jibu.

Ili kupata mizani, nenda siku hiyo hiyo, ikiwa miguu ina nguvu, hadi Cable Street, karibu na kituo cha Shadwell, ukaone mchoro ambao nia yake ni kinyume cha hayo yote, yaani kudumu. Uko juu ya ubavu wa ukumbi wa zamani uitwao St George's Town Hall, nao unasimulia tarehe 4 Oktoba 1936, siku ambayo Wayahudi, makuli wa Kiayalandi wa bandarini na majirani zao wengi waliziba njia hiyo ili wafashisti wa Kiingereza walioongozwa na Oswald Mosley wasipite. Kazi ilianzishwa mwaka 1976 na Dave Binnington. Ilipotiwa rangi na maadui mwaka 1982, mwenyewe alijitoa, na wachoraji watatu, Paul Butler, Desmond Rochfort na Ray Walker, wakaikamilisha mwaka 1983. Imeshambuliwa tena na tena na kutengenezwa tena. Simama katikati ya ua ulio mbele yake, maana umbo lake limepindwa kama linaloonekana katika kioo mbinuko, na mwanzo halitulii machoni. Kisha tafuta farasi wa polisi, gololi zilizomwagwa chini ya kwato zao, na vyombo vinavyotupwa kutoka madirishani. Aliyeanza matembezi yake Altab Ali Park na kuyamaliza hapa ameona kwamba ugomvi wa 1936 na wa 1978 ni ndugu, na hahitaji kuelezwa na mtu.

Mtu atakaye kuona wachoraji wakiwa kazini na aende Leake Street, njia ya chini kwa chini iliyo chini ya kituo cha Waterloo, ambayo mchoraji wa mtaani Banksy aliifungua kwa tamasha la Mei 2008, na ambamo tangu hapo yeyote huruhusiwa kuchora bila kuomba, mradi asilete ubaguzi wa rangi, dharau ya wanawake wala matangazo ya biashara. Mchoro wa asubuhi huweza kufunikwa kabla ya magharibi. Mwenye pumu na ajihadhari, kwa kuwa moshi wa makopo ni mzito humo ndani. Na nguo nyeupe zibaki hotelini. Nje ya mahali kama hapo usijaribu kuacha jina lako ukutani, hata kwa kalamu, maana sheria ya Uingereza ya mwaka 1971 juu ya uharibifu wa mali haimsamehi mgeni.

Katika kupiga picha yako mambo mawili, la sheria na la adabu. Kwa sheria, barabarani hakuna idhini inayotakiwa ili kupiga picha ya ukuta kwa matumizi yako. Lakini mchoro una mwenyewe, na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1988, ambayo humruhusu mtu kuchapisha picha za majengo na za sanamu zilizowekwa hadharani daima, haikuitaja michoro ya ukutani. Basi ndugu mfanyabiashara anayewaza kuichapa juu ya fulana au kanga apate kwanza ridhaa ya mchoraji. Kwa adabu, usiwakamate katika picha watu wanaotoka msikitini, wanawake wanaopita na watoto wanaotoka shule, kama vile wewe usivyopenda mtalii akupige picha ukiwa mlangoni kwako Mji Mkongwe au Lamu. Akisimama mtu mbele ya ukuta, ngoja apite; akiwa ni mkazi, msalimu. Kuta hizi zimevuta mikahawa ya ghali na kodi za juu, wala si kila mwenyeji anayefurahia umaarufu wake. Salamu huondoa nusu ya bughudha hiyo.

Yaliyosalia ni ya miguu na tumbo, nayo si haba. Desemba jua la London huchwa kabla ya saa kumi za jioni kwa hesabu yetu, na Juni hukaa hata baada ya saa tatu za usiku, hivyo panga saa zako kwa mwezi wala si kwa mazoea ya nyumbani. Asubuhi ya siku ya kazi ndiyo bora, kabla maduka hayajajaa na wakati ambapo mapazia ya chuma ya milango, ambayo mengi yamechorwa, bado yamefungwa. Jumapili ni siku ya gulio, raha kwa mnunuzi na taabu kwa mtazamaji. Vaa viatu ulivyovizoea na koti la mvua, na mwavuli uuache, kwa sababu njia ni nyembamba. Magari huko hupita mkono wa kushoto kama kwetu Kenya, Tanzania na Uganda, hilo halitakusumbua. Bali baiskeli ni nyingi na hazina kelele. Simu usiishike kando ya barabara kwa muda mrefu, kwani wezi waliopanda pikipiki na baiskeli huipokonya mkononi. Egemea ukuta kwanza, ndipo utazame ramani. Mwislamu atapata pa kuswali na chakula cha halali bila kutafuta mbali, na wapiga debe wa mikahawa wakikuita mlangoni, soma bei kabla ya kuketi. Mwenye njaa ya chap chap aende katika duka la mikate ya mviringo ya Kiyahudi, mwisho wa kaskazini wa Brick Lane, ambalo halifungwi usiku wala mchana.

Kiongozi je? Wako wanaotembeza wageni kwa ada, na baadhi yao wenyewe ni wachoraji. Hao ni bora, kwa sababu watakueleza namna kazi inavyofanywa na nani aligombana na nani. Wako pia wanaojitangaza kuwa ni bure, ambao mwisho wa matembezi hutarajia bakhshishi, nayo ni haki yao. Lakini uende nao baada ya kuupita mtaa peke yako mara moja, ili uwe na maswali yako mwenyewe.

Mwisho, kila upigapo picha andika jina la njia na tarehe, na piga moja nyingine kutoka mbali inayoonyesha jirani zake: duka, mlango, kibao cha njia. Picha ya mchoro peke yake itafanana na maelfu ambayo watu wengine wamekwisha kuyapiga, tena kwa vyombo bora kuliko chako. Ila picha inayosema ukuta ule siku ile ulikuwa na nini, na mbele yake palipita nani, ni ushahidi, na mchoro ukiisha kufutwa huenda ukawa ndio ushahidi uliobaki. Kisha, urudipo Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam au Unguja, fanya vivyo hivyo katika mtaa wako mwenyewe, ambako historia ya kila pembe unaijua bila kuisoma, na ambako kuta nazo hupakwa na kufutwa bila mtu kuandika tarehe.